Kabla ya Kuinua Mlango wa Banda la Gari

(Haya ni mazungumzo ya kila wiki yaliyosikika redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakubahatika kuyasikia.)



Wiki hii nimepokea barua kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja anayeishi Tabata, jijini Dar es Salaam. Ndugu huyu ni mstaafu, na kwa kiinua mgongo chake amenunua gari aina ya Toyota Hiace, lile la paa refu, ili alitumie kuwapeleka watoto shuleni asubuhi na kuwarudisha jioni. Ni mradi wa halali na wa busara. Lakini siku aliyolileta nyumbani na kutaka kuliingiza kwenye banda la gari, paa la Hiace liligonga juu ya mlango. Tangu siku hiyo gari linalala nje, na wiki ya pili tu wezi walikwisha kung'oa vioo vyote viwili vya pembeni.

Basi akamwita fundi. Fundi akatazama, akaupiga ukuta kwa kiganja, akasema: "Mzee, hii ni kazi ya siku moja. Tunakata hii lenta, tunapandisha futi moja, jioni unalaza gari lako ndani." Ndugu yetu anauliza kama amwamini. Kisha mwishoni mwa barua, kama nyongeza tu, anasema kwamba chumba kinachopakana na banda hilo ndicho anacholala mama yake mzazi. Mimi naona jambo hilo ndilo lililostahili kuwa mwanzo wa barua.

Nimeona swali hili nilijibu hadharani kwa sababu si la mtu mmoja. Nyumba nyingi za mijini zilijengwa wakati mwenye nyumba alikuwa na gari dogo, au hakuwa na gari kabisa ila matumaini. Leo magari yamekua na milango imebaki pale pale. Mazungumzo haya hayachukui nafasi ya mhandisi. Shabaha yake ni kumwezesha mwenye nyumba aulize maswali yanayofaa kabla nyundo haijainuliwa.

PIMA KWANZA

Nyumba zetu nyingi za matofali ya saruji zina lenta iliyopita kwenye kimo cha futi 7 kutoka sakafuni, yaani mita 2.1 na kidogo. Kimo hicho kilitosha kabisa kwa gari dogo, ambalo kwa kawaida halizidi mita moja na nusu. Lakini Hiace refu lenye paa la juu, la muundo ulioanza kutoka kiwandani mwaka 2004, lina kimo cha mita 2.28 hivi. Liwekee keria ya mizigo juu, nawe umekaribia mita mbili na nusu.

Hata hivyo, kimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari hakimalizi hesabu. Kwanza, gari tupu husimama juu zaidi kuliko gari lililojaa watu, kwani springi zake hazijakandamizwa. Kwa hiyo pima gari likiwa tupu na matairi yamejaa upepo.

Pili, tazama mteremko. Ikiwa njia ya kuingilia inashuka kuelekea bandani, magurudumu ya mbele yakishafika kwenye sakafu tambarare, yale ya nyuma bado yako juu ya mteremko. Wakati huo sehemu ya paa iliyo chini ya lenta huwa juu kuliko kimo halisi cha gari. Hapo ndipo gari lililopimwa na kuonekana linatosha huja kugonga, na dereva akabaki anashangaa.

Tatu, kumbuka kama una mpango wa kuongeza zege au vigae sakafuni, maana kila unachoongeza chini umekipunguza juu.

Kwa sababu hizo, acha nafasi ya sentimita 15 hivi juu ya gari. Kwa Hiace la ndugu yetu, mita 2.28 ukijumlisha sentimita 15 unapata mita 2.43, ambayo ni kama futi 8. Kwa hiyo fundi hakukosea aliposema futi moja. Kosa lake liko kwenye yale maneno ya "siku moja".

LENTA IMEBEBA NINI

Sasa tuitazame hiyo lenta. Ukisimama mbele ya banda unaona ukuta uliopigwa lipu na rangi, na ni rahisi kudhani kwamba ile sehemu ya juu ya mlango imekaa tu, haina kazi. La hasha! Sehemu hiyo ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko ukuta wote wa mbele, kwani chini yake hakuna kitu.

Tupige hesabu ndogo. Chukua mlango wenye upana wa mita 3, ukuta wa tofali la inchi 6, na juu ya lenta kuna ukuta wa sentimita 60 kabla ya kufika kwenye paa. Ukuta wa matofali hayo, bila lipu, una uzito wa kilo 300 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Sehemu iliyo juu ya mlango ni mita za mraba 1.8. Hiyo ni kilo 540, sawa na karibu mifuko 11 ya saruji iliyopangwa juu ya kichwa chako. Lenta yenyewe, ikiwa na kina cha inchi 9 na urefu wa mita 3.4, ina kilo 275 hivi, yaani mifuko mingine mitano na nusu. Hapo bado hatujataja paa. Na kama mbele ya banda kuna ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kwenye kilele cha paa, ongeza mamia mengine ya kilo.

Mzigo wote huo leo unapokewa na lenta, lenta inaugawa kushoto na kulia, na kuta za pembeni zinaupeleka kwenye msingi. Ukiikata lenta, mzigo hauondoki. Unabaki pale pale ukitafuta njia ya kwenda chini, na kama hukuuandalia njia, utaitafuta yenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza fundi ni hili: nani atabeba mzigo huu tangu saa ile unapokata hadi siku ile lenta mpya itakapokuwa tayari? Fundi asiye na jibu la swali hilo hana ruhusa ya kuinua nyundo.

Wapo mafundi watakaokujibu kwamba ukuta hujishika wenyewe. Wasikilizaji, maneno hayo yana ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaoua. Ni kweli kwamba ukitoa tofali moja katikati ya ukuta mkubwa, yaliyo juu yake hayaanguki. Uzito huchepuka kushoto na kulia, na kinachobaki kuning'inia ni pembetatu tu ya matofali juu ya lile tundu. Kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, pande za pembetatu hiyo hulala kwa nyuzi 45, hivyo tundu la mita 3 hutengeneza pembetatu yenye kimo cha mita moja na nusu. Lakini ili ukuta ujishike hivyo, sharti uwe na matofali ya kutosha juu ya pembetatu hiyo, na pia ukuta mpana pembeni wa kupokea ule msukumo unaochepuka. Banda la gari halina vitu hivyo. Juu ya lenta kuna kozi mbili au tatu tu za matofali kisha ni paa, na pembeni pengine kuna ukuta wa futi mbili tu kabla ya kufika kwenye kona. Kinachojishika huko ni lipu, na lipu haina nguvu hiyo.

MKANDA WA NYUMBA

Kuna jambo la pili ambalo ni zito zaidi katika ujenzi wetu. Kwenye nyumba nyingi za hapa kwetu lenta haikai juu ya mlango na dirisha peke yake. Ni mkanda wa zege na nondo unaoizunguka nyumba yote, juu ya kila ukuta, na kurudi ulikoanzia. Mkanda huo una kazi yake: unazifunga kuta pamoja zisiachane, msingi unapotitia kidogo upande mmoja au upepo unaposukuma.

Kwa hiyo fundi anaposema "tunakata hii lenta", hakati kipande cha bandani tu. Anakata mkanda wa nyumba nzima. Mtu anayekata mkanda wa suruali hasemi kwamba amekata ule upande wa mbele tu, suruali yote inamhusu. Huenda nyumba isianguke siku hiyo wala mwezi huo. Lakini baada ya masika moja au mbili utaanza kuona ufa unatokea kwenye kona ya dirisha la chumba cha tatu, nawe utampigia kelele aliyekuuzia saruji, kumbe ufa huo ulizaliwa bandani.

Sisi wa Dar es Salaam hatuhitaji kwenda mbali kutafuta somo. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Wafanyabiashara wa eneo hilo walieleza wakati ule kwamba chini ya jengo kulikuwa na kazi ya kupanua nafasi. Banda la gari si ghorofa, najua. Lakini kanuni ni ile ile: jengo lililosimama limekwisha kupanga nani anambeba nani, na anayeondoa mbebaji mmoja bila kuweka mwingine kwanza anacheza na roho za watu.

NJIA ZISIZOGUSA LENTA

Kabla ya kukubali kukata, angalia kama kuna njia nyingine.

Njia ya kwanza ni kutengeneza upya njia ya kuingilia. Kama gari linagonga kwa sentimita chache tu kwa sababu ya mteremko mkali, kuulaza mteremko kunaweza kumaliza tatizo lote. Vile vile kama kinachogonga ni keria, kuiondoa jioni na kuirudisha asubuhi ni kero, lakini ni kero isiyoua.

Njia ya pili ni kushusha sakafu ya banda. Hii inapendwa sana kwa kuwa inaonekana rahisi, lakini ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni msingi. Sakafu huzuia udongo ulioshikilia msingi, na katika nyumba nyingi msingi haukwenda chini sana. Ukichimba futi nzima karibu na ukuta unaweza kuufukua msingi wako mwenyewe. Mtego wa pili ni maji. Banda lililo chini kuliko uwanja ni bwawa linalosubiri mvua za masika. Kushusha sentimita 10 huku umeweka mfereji wenye kifuniko cha chuma mlangoni kunawezekana, kwa ushauri wa mtaalamu. Kushusha sentimita 30 ni jambo jingine kabisa.

Njia ya tatu ni kuliacha banda kama lilivyo, ukalifanya stoo, kisha ukajenga paa la bati juu ya nguzo za chuma ndani ya uzio. Gari halihitaji kuta nne. Linahitaji kivuli na geti linalofungwa. Kama uwanja unatosha, njia hii haigusi jiwe hata moja la nyumba.

IKIWA NI LAZIMA KUKATA

Tuseme njia zote hizo hazifai, uwanja hautoshi, na lazima mlango uinuliwe. Jambo hilo linawezekana kabisa na hufanywa kila siku na watu wanaojua kazi. Nitaeleza utaratibu wake ili uujue utakapouona, na uujue pia utakapokosekana.

Kwanza, mhandisi au fundi sanifu aingie darini na tochi. Anatafuta jibu la swali moja: kenchi za paa zimekaa juu ya ukuta huu wa mbele, au zimekaa kwenye kuta za pembeni? Kama zimekaa juu ya ukuta wa mbele, basi ukuta huo umebeba paa. Kama zimekaa pembeni, ukuta wa mbele umejibeba wenyewe tu, na kazi inakuwa nyepesi kiasi. Akiwa huko juu atazame pia kama nafasi ipo. Kuinua mlango futi moja halafu ukakutana na kenchi ni hasara tupu.

Pili, mzigo ushikwe kabla ya chochote kubomolewa. Mirunda iliyonyooka, au nguzo za chuma za kukodi, isimamishwe chini ya kenchi. Juu yake upite ubao mzito unaozishika kenchi kadhaa kwa pamoja, na chini yake utandikwe ubao mwingine ili mirunda isizame sakafuni. Ikazwe kwa kabari, na ifungwe kwa mbao za mshazari isije ikalala upande. Mrunda uliosimamishwa juu ya udongo mtupu, au juu ya tofali lililolegea, haujashika kitu. Lenta ya zamani nayo iwekewe nguzo zake chini, maana ni kilo 275 zitakazotaka kushuka.

Tatu, kubomoa kuanzie juu kwenda chini, kozi kwa kozi, tofali kwa tofali. Fundi anayeanza kubomoa chini ili vya juu viteremke vyenyewe, mlipe nauli yake arudi nyumbani. Vile vile nyundo kubwa haifai hapa, kwani mtikisiko wake unasafiri kwenye ukuta na kupasua pasipohusika. Lenta ikatwe vipande vipande kwa grainda, kila kipande kikiwa kimeshikwa.

Nne, na hapa ndipo fundi wa kweli anapojulikana, nondo za mkanda wa zamani zisikatwe zote usawa wa ukuta. Kwenye ncha mbili, zege lichongwe taratibu kwa tindo, nondo ziachwe zimetokeza sentimita 50 hadi 60. Kisha kila upande wa mlango isimamishwe nguzo ya zege yenye nondo zake, kuanzia kwenye msingi hadi kwenye kimo kipya. Zile nondo zilizotokeza zifungwe ndani ya nguzo hiyo, na juu ya nguzo mbili ndipo lenta mpya ilale. Hivyo mkanda wa nyumba utakuja kwenye ukuta, utaingia kwenye nguzo, utapanda, utavuka juu ya mlango, utashuka upande wa pili na kuendelea na safari yake. Utakuwa umepanda ngazi, lakini haukukatika.

Tano, lenta mpya yenyewe. Vipimo atatoa mhandisi, ila nitakupa vya kukusaidia kuhoji. Kina cha lenta kwa kawaida huwa kama sehemu ya kumi ya upana wa mlango, hivyo mlango wa mita 3 huhitaji lenta ya sentimita 30 hivi. Kama haikufungwa ndani ya nguzo bali inalala juu ya ukuta, iingie angalau sentimita 20 kila upande. Nondo za chini ndizo muhimu kuliko zote. Chukua muhogo mbichi uukunje kwa mikono miwili: utaona unaanza kupasuka upande ule unaovutika. Lenta nayo ikibeba mzigo hukunjika kwa kadiri isiyoonekana kwa macho, na upande wake wa chini ndio unaovutika. Zege halipendi kuvutwa, chuma ndicho kinachovumilia. Basi hakikisha nondo za chini hazikupungua, na hazikulala juu ya mbao. Ziinuliwe kwa vijitofali vidogo vya saruji vya sentimita 2 na nusu, ili zege lizifunike pande zote. Nondo inayoonekana kwa nje ni nondo iliyoanza kuoza.

Mwisho, kenchi zifungwe upya kwenye lenta mpya kwa vipande vya chuma au waya mzito. Paa la bati ni jepesi, na adui yake mkubwa ni upepo unaoliinua, si uzito wake.

ZEGE HALINA HARAKA

Nimesema kosa la fundi ni "siku moja". Nieleze sababu. Mchanganyiko wa kawaida wa zege la lenta ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, na maji ya kutosha tu kulifanya lishikane. Maji yakizidi, kazi inakuwa laini kwa mafundi na zege linakuwa dhaifu kwa mwenye nyumba. Mchanga usiwe wa baharini, kwani chumvi yake hula nondo kimya kimya.

Zege hilo kesho yake litakuwa gumu kwa kidole, nawe utashawishika kutoa mbao. Usithubutu. Nguvu ya zege huhesabiwa kwa siku 28. Baada ya siku 7, likiwa limemwagiliwa vizuri, huwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu hiyo. Kwa hiyo limwagilie maji kila siku kwa muda wa siku 7 kwa uchache, na ulifunike kwa magunia yaliyoloa jua linapokuwa kali. Nguzo zilizo chini ya lenta zibaki siku 14 kwa uchache, na mafundi wengi waangalifu husubiri 21. Ukijumlisha na siku za kushikilia paa, kubomoa na kufunga nondo, kazi hii ni ya karibu mwezi mmoja. Anayekuahidi jioni moja anakuuzia jioni, hakuuzii lenta.

Na kabla ya zege kumwagwa, uwe umekwisha kuamua aina ya mlango. Mlango wa bawa mbili hauhitaji nafasi yoyote juu. Mlango wa chuma wa kuviringisha huhitaji sentimita 30 hadi 45 juu ya uwazi kwa ajili ya lile bunda lake. Wapo walioinua lenta hadi karibu na kenchi, kisha wakanunua mlango wa kuviringisha. Bunda likachukua ile futi moja yote waliyoitafuta, na gari likalala nje kama zamani.

KIBALI SI UADUI

Najua kuna watu wakisikia neno kibali wanafunga redio. Tafadhali usifunge. Kukata sehemu inayobeba jengo si ukarabati wa kupaka rangi. Nenda ofisi ya ujenzi ya halmashauri yako ukaeleze unachotaka kufanya. Kwa ndugu yetu wa Tabata, hiyo ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu 2021 inasimamia eneo lililokuwa la Manispaa ya Ilala. Ukipata mhandisi, mwombe namba yake ya usajili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ipo kwa kazi hiyo, na mhandisi wa kweli hakasiriki akiulizwa. Mchoro wa ukurasa mmoja unaoonyesha nguzo, nondo na namna ya kushikilia paa ni kinga kwako, kwa fundi, na kwa jirani ambaye ukuta wake umegusana na wako.

Sasa nimjibu ndugu yetu kwa mkato. Ndugu, usimpe fundi ruhusa ya kuanza kesho. Si kwamba ni mtu mbaya. Huenda ni hodari wa kujenga, lakini kujenga na kukata kilichojengwa ni elimu mbili tofauti. Mrudie umwulize yale niliyoyataja: kenchi zimekaa wapi, nani atabeba mzigo, mkanda utaungwaje, na nguzo zitakaa siku ngapi. Akijibu vizuri na akakubali kufanya kazi chini ya mhandisi, umepata mtu. Akicheka, mwambie ahsante.

Kwa mwezi huo gari lako litafutie mahali penye mlinzi. Gharama hiyo itakuuma, lakini vioo vya pembeni hununuliwa. Na siku ile mrunda wa kwanza utakaposimamishwa, kabla tofali lolote halijaguswa, mhamishe mama chumba. Asirudi hadi nguzo ya mwisho iwe imetolewa na mhandisi ametazama kwa macho yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakumtaja mtu anayeutoboa ukuta mzima kwa mikono yake ili aingize gari. Labda hawakudhani atatokea.

Ndugu wasikilizaji, hadi wiki ijayo saa kama hii, nawatakia heri na usalama majumbani mwenu. Kwaherini.